Kitanda Imepanda

Nianze na kitanda. Wengine wangeanza na mahali alipozaliwa na nani alimzaa, lakini hayo mimi siyajui, na hata ningeyajua yasingekusaidia. Mama huyu aliyekuwa jirani yangu kule Soweto West, Kibera, ukuta wangu wa mabati ukiwa ndio huohuo ukuta wake, huwezi kumwelewa bila kitanda chake.

Tulimwita Chealedi, yaani mwenyekiti, kwa sababu aliwaongoza kina mama wa kanisa letu, na cheo hicho kilimkaa mwilini hata akiwa ameinama kwenye karai anafua. Kitanda chake kilikuwa cha mbao, cha kawaida kabisa, kimesimama juu ya matofali. Hilo nalo si ajabu. Ukiishi kwenye chumba kimoja, stoo yako ni uvungu wa kitanda, kwa hiyo sote tulikuwa tumeinua vitanda vyetu kidogo, hapa sufuria, pale mkaa. Tofauti ni kwamba vyetu vilikuwa vimeinuka vikaacha. Chake kiliendelea kukua.

Ilikuwa hivi. Uvumi unaingia plotini, ile safu yetu ya vyumba vya kupanga, kwamba sukari itapotea. Chealedi anafunga leso kiunoni, anakwenda dukani, anarudi na sukari. Uvungu ukijaa, anaongeza tofali kila mguu wa kitanda apate nafasi. Sukari haipotei, uvumi unapita, lakini kitanda hakishuki. Nilimuuliza siku moja kwa nini hakishushi, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Nishushe halafu nipandishe tena? Dada, mimi ni wazimu?"

Kufikia miaka ninayoisimulia hapa, Chealedi alikuwa anapanda kitandani kwa kigoda, huku ameshika kamba aliyoifunga kwenye boriti ya paa. Mimi nilisikia kila kitu kupitia mabati. Kwanza kigoda kinalia, halafu boriti inalia, halafu kimya kidogo cha kutisha, halafu sauti yake kutoka juu kule: "Asante Yesu." Hapo najua amefika. Nikiisikia hiyo, nami napata usingizi.

Mlango wake ulikuwa na pazia tu mchana, na upepo ukipeperusha pazia, plot nzima inaona kitanda. Mtu akiona kimeongezeka, anasema, "Kitanda imepanda!" Sarufi tuwache, hivyo ndivyo tulivyosema. Na likishasemwa hilo neno, hakuna aliyeuliza ni kitu gani kimeadimika. Watu walikuwa wanashika mifuko na kukimbia. Redio ingeweza kusema mambo ni shwari kuanzia asubuhi mpaka jioni, sisi tuliamini kitanda.

Mwenye duka la pale kona, mzee mmoja aliyekuwa na plot zake Kawangware na duka lake huku kwetu, alimpenda Chealedi kuliko mke wake. Biashara ikilala, alikuwa anamtolea kiti nje ya mlango na soda baridi. "Mama, keti tu hapa kidogo. Hata usinunue kitu." Chealedi anakaa, anakunywa soda yake pole pole, na kabla hajafika nusu ya chupa watu wameanza kujaa wakiulizana ni nini inaisha. Yeye mwenyewe hakuwahi kushuku. Aliniambia huyo mzee ni mtu wa heshima sana, Mungu ambariki.

Ya chumvi ndiyo ilinikasirisha. Chealedi alirudi dukani amebeba chumvi, pakiti juu ya pakiti, na jasho linamtoka. Mimi nilikuwa nakaanga mandazi mlangoni pangu, kazi yangu ndiyo hiyo. Nikaacha mafuta motoni, nikakimbia. Kufikia jioni hapakuwa na chumvi Soweto West yote, watu walikuwa wanavuka reli kuitafuta ng'ambo. Kesho yake tukamkuta Chealedi mlangoni, miguu yote miwili iko ndani ya karai.

"Mama," nikamuuliza, "hii chumvi imekuwaje?"

"Chumvi gani? Si ni miguu! Nimesimama kwa krusedi ya kanisa wiki mzima, miguu imefura. Nikaambiwa niiloweke kwa maji ya chumvi." Akatutazama tuliokuwa pale, mmoja mmoja. "Kwani nyinyi mlinunua ya nini?"

Chumvi ile nilikuwa nayo mpaka watoto wakabadilisha darasa.

Usidhani alikuwa mtu wa wasiwasi. A-a! Kanisani, somo alilolipenda ni lile la ndege wa angani ambao hawapandi wala hawaweki ghalani na bado wanakula. Alilifundisha kwa machozi. Alituuliza sisi kina mama tuna imani gani ndogo hivyo, ya kuhangaikia kesho. Na mumewe, akiwa benchi la nyuma kabisa, alikuwa anaitikia "Amina!" kwa sauti kubwa kuliko kawaida, mpaka watu wanageuka.

Na mkono wake wa kutoa ulikuwa wa ajabu. Mtoto yeyote akipita mlangoni kwake wakati wa chakula, alikula, na kama hapakuwa na sahani alikula kwenye sahani ya Chealedi. Lakini hebu mwombe unga ule wa uvunguni. Nilikwenda jioni moja, nyumbani kwangu hakuna kitu.

"Hiyo ni ya shida," akasema.

"Na hii si shida, Mama?"

"Hii ni njaa ya kawaida. Kaa chini, ule."

Nikakaa, nikala, na ugali ule ulikuwa umepikwa kwa unga alioununua dukani siku hiyohiyo. Ule wa uvunguni hakuugusa hata yeye. Uliingia wadudu, akauchekecha, akaurudisha. Nilimwambia unga huo una wadudu, akaniambia basi ukipikwa hautahitaji mboga.

Sasa mumewe. Huyo alikuwa fundi wa kujenga, mtu mfupi, mpole, ametoka Magharibi mwa nchi kama sisi wengi wa pale. Alikuwa anajenga magorofa ya wenye plot kule Gatina, na kazi hiyo ilikuwa imemmaliza magoti. Tulimwita Fundi. Matofali ya kile kitanda yalikuwa yake, mabaki ya kazi, na mwanzoni aliyaleta mwenyewe kwa hiari. Baadaye akaacha kuyaleta. Baadaye tena akaanza kuyaficha, na Chealedi akaanza kuyatafuta.

Magoti yake hayakuweza kitanda kile. Alikuwa hafikii kamba. Mara nyingine nilisikia mtu ameanguka puu, halafu Chealedi anauliza kutoka juu, "Baba, ni nini?" na Fundi anajibu kutoka chini, "Natafuta kiatu." Jioni moja, kabla jua halijazama, watu wote wako nje na majiko yao, akazungumza. Mtu ambaye sauti yake tuliisikia kwa "Amina" peke yake!

"Mama, sikia. Mimi nimejengea watu magorofa Gatina, na kila gorofa iko na ngazi. Hii yangu haina ngazi. Ukiongeza tofali moja, moja tu, mimi naenda kukaa kwa ndugu yangu Gatina na sirudi. Haki ya Mungu."

Tulijua Fundi haapi ovyo. Na tulijua kwamba Chealedi, kwa ukali wake wote, alikuwa anampenda mtu huyo kwelikweli, maana kila jioni mkaa wake wa kwanza ulichemsha maji ya kukanda magoti, kabla ya chai, kabla ya chochote. Kitanda kikakaa palepale. Uvumi wa mafuta ya taa ukaja ukapita. Uvumi wa sabuni vilevile. Mwenye duka akawa anakuja mwenyewe kumsalimia, kumuuliza kama ni mgonjwa.

Halafu akaja Elnino.

Sijui huko kwenu mlimpokea vipi, lakini kwetu tuliposikia redioni kwamba Elnino anakuja, wengi tulifikiri ni mtu. "Huyu Elnino ni wa wapi?" Fundi akauliza. Akaambiwa anatoka kule baharini, upande wa Amerika. "Na anakuja kwa nani?" Hakuna aliyejua. Wiki iliyofuata wakasema ameshaingia Pwani, na mwanamke mmoja wa plot yetu akauliza kama ameingia na familia. Kanisani pasta akaomba Bwana amguse Elnino moyo arudi kwao. Mpaka tulipoelewa kwamba ni mvua, na kwamba ni mvua ya kubomoa nyumba, hofu ilikuwa imeshakaa.

Chealedi alikuja kwangu mara nyingi siku zile. Anaingia, anasimama, anatoka, anarudi.

"Dada, wewe unaonaje?"

"Mimi naona ni mvua tu, Mama. Tumeona mvua."

"Umewahi kuona mvua iko na jina?"

Nikamwambia, "Lakini Fundi aliapa." Akakaa kwenye kigoda changu, akafunika uso na leso. Akasema anajua Fundi aliapa. Akasema pia kwamba usiku analala akiota watoto wa plot wanamwomba chakula, na yeye hana. Halafu akainuka akatengeneza leso kiunoni, na mimi nikajua, woi, ndoa ya watu imekwisha.

Alinunua beli nzima ya unga, pakiti zikiwa bado zimefungwa pamoja. Akanunua maharagwe, sukari, sabuni, viberiti. Nilimsikia mchana kutwa akisukuma, akikwaruza tofali sakafuni, akihema. Jioni Fundi akarudi kazini. Alisimama mlangoni, akafungua pazia, akaangalia. Hakupiga kelele. Alitoa pimamaji, kile kifaa cha mafundi cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, kwenye mfuko wake wa kazi, akaiweka juu ya ubao wa kitanda, akasubiri lile tone la hewa litulie katikati. Halikutulia katikati.

"Na hata haijalala sawa," akasema.

Akachukua redio yake na koti lake, akaenda Gatina.

Ungefikiri sisi majirani tungekwenda kumfariji huyo mama. Tulikimbia dukani. Kitanda imepanda! Watu walikanyagana pale, viatu vikabaki peke yavyo. Niliona mwanamume ametoka amekumbatia rangi ya viatu, mikebe mingi, na mwenyewe alikuwa amevaa ndala. "Ya nini?" nikamuuliza. "Sijui, madam. Ndiyo ilikuwa imebaki." Mimi mwenyewe nilipata hamira na vile vishumaa vidogo vya keki ya watoto.

Halafu mvua haikunyesha. Jua liliwaka mpaka mabati yakawa yanalia kwa kelele. Siku zikaenda, watu wakaanza kusema Elnino amekosa nauli. Wakaanza kumcheka Chealedi, kwanza pembeni, kisha usoni. Yeye alisema tu, "Atarudi mvua ikianza," na tulijua hamzungumzii Elnino. Jioni alichemsha maji ya magoti kama kawaida, yakapoa, akayatumia kuoshea vyombo. Na kitu kimoja kilinivunja moyo. Niliendelea kusikia kigoda kikilia na boriti ikilia, lakini ile "Asante Yesu" sikuisikia tena. Alipanda kimya.

Mvua ilikuja Jumapili, tumetoka kanisani, watoto bado wana nguo zao nzuri. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Mtaro wa pale juu ukazidiwa, maji yakaingia plotini bila hodi, yakaingia nyumbani kwangu upande mmoja yakatokea mwingine, sufuria zangu zikaondoka pamoja nayo. Nikapanda juu ya kitanda changu, maji nayo yakapanda. Ndipo nikasikia sauti ya Chealedi kupitia mabati, ile sauti ya kuongoza kwaya.

"Leteni watoto! Leteni watoto wote huku!"

Tukawapitisha mkono kwa mkono, mlango kwa mlango, wakilia, wakicheka, na kila mmoja Chealedi alimpokea akamrusha juu. Kitanda kile kilijaa watoto mpaka vichwa vyao vikagusa mabati ya paa. Maji yalizunguka chini yao, na hakuna hata mmoja aliyelowa zaidi ya alivyokuwa ameshalowa. Sisi wakubwa tulisimama mle ndani tumeshika kamba ya boriti.

Halafu nikaona maji yanabadilika rangi. Yakawa meupe. Kisha yakatoa povu.

Unajua, huyo mama miaka yote aliweka akiba ya kujikinga na shida, na shida ilipokuja ikiwa maji, akiba yote ilikuwa sakafuni. Unga wa beli nzima ukakorogeka. Sukari ikayeyuka ndani yake. Elnino alitupikia uji, akautia na sabuni. Viberiti vikapita mbele yetu vimejipanga kama wanafunzi. Chealedi alisimama anaangalia kazi yake ya miaka ikielekea mlangoni, mdomo wazi.

"Mama," nikamwambia, "sasa hii ni shida au ni njaa ya kawaida? Tunaweza kukopa unga?"

Nilifikiri atanipiga. Alicheka. Alicheka akashindwa kusimama, akaning'inia kwenye kamba, machozi yanatoka, na watoto juu kule nao wakaanza kucheka bila kujua ni nini. Na katikati ya kicheko hicho pazia lililolowa likasogea.

Alikuwa Fundi. Alikuwa ametembea kutoka Gatina, suruali imekunjwa, redio iko kichwani imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Kwa ufupi wake, maji meupe yalimfika mapajani. Akaangalia kitanda, akaangalia watoto.

"Mama," akasema.

"Baba."

Akainama, akapitisha mkono ndani ya maji, akaanza kupapasa matofali, mguu mmoja wa kitanda, wa pili, mpaka akazunguka yote. Akainuka.

"Nani alikupangia hii?"

"Mimi."

"Haijalala sawa."

"Najua, Baba."

"Lakini imebeba," akasema. Akampa Chealedi redio, akanyoosha mikono juu, na watoto wakamvuta, wakamvuta, mpaka yeye na magoti yake wakafika. Akakaa pale kati yao, amepakata wawili. Chealedi akaikumbatia ile redio, halafu nikaisikia tena, safari hii mbele yangu, si kupitia mabati: "Asante Yesu."

Walihamia Gatina baada ya mvua zile, kwenye gorofa ambayo Fundi mwenyewe aliijenga. Plot yetu ikapoa. Hatukujua tena lini tununue kitu na lini tusinunue, tukawa tunaishi hivihivi kama ng'ombe.

Nilimtembelea mwisho wa mwaka ule wa tisini na tisa, wakati watu wanasema tukivuka tu kuingia elfu mbili taa zitazima, kompyuta zitakufa, na labda dunia yenyewe. Nilipanda ngazi nikijiuliza nitakuta nini. Nilimkuta Chealedi amezeeka kidogo, amenenepa vizuri, pakiti moja ya unga iko mezani.

"Moja tu, Mama? Na elfu mbili inakuja?"

"Mimi niliacha hayo mambo," akasema. "Mungu alinifundisha, akanifundisha kwa uji. Siku hizi nanunua ya leo."

Nilimfurahia, kusema kweli, na pia nilihuzunika kidogo. Chumba kilikuwa kimegawanywa kwa pazia. Nikauliza kama naweza kuona kitanda, kwa ajili ya zamani tu. Akasita. Akavuta pazia.

Mama yangu! Kilikuwa juu kuliko kile cha Kibera. Uvungu umejaa unga, mishumaa, maharagwe, kila kitu kimefungwa kwenye nailoni na kupangwa juu ya mbao, mbali na sakafu.

"Si mimi!" akasema Chealedi. "Muulize mwenyewe, huyo anakuja."

Fundi alikuwa anaingia mlangoni, tofali mkono huu, tofali mkono ule. Akaniona, akasimama kama mwizi wa kuku.

"Wanasema kompyuta zitazima," akaniambia.

"Fundi, wewe uko na kompyuta?"

"Sina." Akafikiri. "Lakini huwezi jua."

Ndipo nikaona kilichokuwa ubavuni mwa kitanda. Ngazi. Ngazi ya matofali, imepigwa plasta, imesuguliwa mpaka ikang'aa, vidato vyake vifupi vya kufaa mtu mwenye magoti mabaya au miguu ya kufura, na chuma cha kushikilia pembeni. Pimamaji ilikuwa imelala juu ya kidato cha mwisho, na lile tone la hewa lilikuwa katikati kabisa. Chealedi alitaka nione inavyofanya kazi. Akashika chuma, akapanda pole pole kama bibi arusi, hakuna kigoda kilicholia, hakuna boriti. Akakaa juu, akapanga gauni lake.

"Asante Yesu," akasema.

"Amina," akaitikia Fundi kutoka chini, matofali bado mikononi.

Niliwaaga nikashuka. Pale chini, kwenye mlango wa gorofa, mwanamke mmoja nisiyemjua alikuwa ananisubiri na kikapu mkononi. "Dada, umetoka kwa Chealedi?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Hebu niambie. Kitanda iko aje?"

"Imepanda," nikamwambia, "na saa hii iko na ngazi."

Nilitaka kumweleza ile ngazi ilivyo nzuri, lakini alikuwa ameshafika dukani.